Fundi Wenu: Maji ya Rejeta Yanakwenda Wapi?



Nimepata barua kutoka Maneromango, wilaya ya Kisarawe. Imeandikwa na mweka hazina wa kikundi cha wakulima. Kikundi kina watu 14. Walichanga fedha za mihogo na mananasi kwa misimu mitatu. Kisha wakanunua pikapu moja ya dizeli, iliyokwisha tumika. Gari hilo linapeleka mihogo Dar es Salaam. Likirudi linabeba saruji na vitu vya duka.

Sasa gari linakunywa maji. Kila safari dereva anaongeza maji ya rejeta, kama lita 3, akifika Kisarawe mjini. Lakini chini ya gari hakuna hata tone. Tena moshi mweupe unatoka nyuma. Mwanzoni ulitoka asubuhi tu. Siku hizi unatoka hata mchana.

Wanakikundi wamegawanyika. Wengine wanasema dereva ni mwongo, hatii maji yo yote, anatafuta sababu ya kuchelewa njiani. Fundi mmoja amewaambia kuwa injini imekufa. Anataka watoe fedha zote zilizobaki katika mfuko, wanunue injini nyingine. Kikao kimepangwa Jumamosi. Huenda dereva akafukuzwa siku hiyo hiyo. Mweka hazina anauliza: "Ndugu Fundi, maji haya yanakwenda wapi?"

Nilimjibu upesi, kwa sababu Jumamosi ilikuwa karibu. Niliyomwandikia ninayaandika hapa pia, maana magari yanayokunywa maji ni mengi huku kwetu, kutoka Maili Moja na Mlandizi mpaka Mzenga na Masaki.

Kwanza tujue kazi ya maji. Ndani ya injini mafuta yanaungua. Moto huo ni mkali sana. Bila maji, chuma kingelainika na kupinda. Kwa hiyo maji yanazunguka ndani ya injini, yanachukua joto, yanalipeleka kwenye rejeta iliyo mbele ya gari. Upepo na feni vinapoza maji. Kisha pampu inayarudisha ndani. Maji ni yale yale siku zote. Gari zima halili maji. Dereva akikwambia kuwa gari lake "linatumia lita moja tu kwa siku, ni kawaida yake", mwambie gari hilo ni gonjwa.

Maji yakipungua, njia ni tatu tu. Yanamwagika nje. Au yanaingia kwenye oili. Au yanaingia pale mafuta yanapoungua, yanageuka mvuke, yanatoka na moshi. Kazi yetu ni kujua ni njia ipi.

Lakini kabla ya kugusa cho chote, sikilizeni jambo moja. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyomo yamefungiwa kwa nguvu. Mfuniko mzima unaweza kushika nguvu ya karibu kilo 1 kwa kila sentimita mraba, na kwa nguvu hiyo maji hayachemki kwa digrii 100 kama katika sufuria. Huchemka karibu digrii 120. Ukifungua, nguvu inatoka, na maji yote yanachemka kwa mara moja, yanaruka usoni. Nimemwona kijana aliyeungua hivyo kifua na shingo. Mtu akiungua, mmwagieni maji safi ya baridi yasiyo na barafu kwa dakika 20, halafu mpelekeni zahanati. Msimpake dawa ya meno wala mafuta. Injini isubiri mpaka unaweza kuweka kiganja juu ya rejeta bila kuondoa mkono.

Sasa tuanze na nje.

Jaza maji injini ikiwa baridi. Kama gari lina chupa ya maji ya akiba, chora alama kwa msumari au kalamu pale maji yalipofika. Tandika boksi au karatasi kavu chini ya injini, uache usiku kucha. Asubuhi angalia karatasi, angalia alama. Kisha angalia mipira ya maji, hasa kwenye vibanio vyake. Angalia pampu ya maji. Chini ya pampu kuna kitundu kidogo. Kikitoa maji, pampu imechoka. Angalia na matumbo ya rejeta. Mara nyingi hutaona maji yenyewe, kwa sababu injini ya moto huyakausha. Utaona alama yake: doa jeupe kama chumvi, au mstari wa kutu. Katika magari yenye hita, gusa pia zulia la miguuni. Likiwa na unyevu wenye utamu wa harufu, rejeta ndogo ya hita inavuja.

Mfuniko wenyewe msiudharau. Una spring na mpira. Spring ikichoka, maji yanatoka kidogo kidogo kupitia kimpira cha pembeni, barabarani, wakati gari linakwenda. Likisimama halitoi tone. Mfuniko ni kitu cha fedha kidogo, na umekwisha ua injini nyingi.

Usipopata kitu nje, chomoa kijiti cha oili. Oili nzuri ni ya rangi ya asali, au nyeusi kama imetumika. Oili iliyochanganyika na maji inafanana na chai ya maziwa. Ukiona hivyo usiwashe injini tena. Maji hayalainishi vyuma, na beringi zitasagika upesi. Lakini hapa watu wengi hukosea. Wanafungua kifuniko cha kutilia oili, wanaona povu jeupe kidogo chini yake, wanapiga kelele. Gari linalokwenda safari fupi tu, nyumbani hadi sokoni, hupata povu hilo kwa unyevu wa kawaida. Amini zaidi kijiti. Na kama ni lori kubwa au trekta, usikimbilie kulaumu gasketi. Injini nyingi za aina hiyo zina silinda zinazochomolewa, zinazozungukwa na maji, na chini zina raba za kuzuia maji yasishuke kwenye oili. Raba zikizeeka, maji yanashuka. Kipoza oili nacho kinaweza kutoboka. Watu wa Kibaha waliofanya kazi na malori ya Scania yaliyounganishwa katika kiwanda cha TAMCO, au matrekta ya Valmet yaliyounganishwa TRAMA miaka ya 1980, wanazifahamu silinda hizo.

Tufike kwenye moshi. Hili ndilo linalowatisha watu.

Moshi mweupe wa asubuhi, unaokwisha baada ya dakika chache, mara nyingi si ugonjwa. Mafuta yakiungua hutoa maji pia, kama mvuke. Bomba likiwa baridi mvuke huo unaonekana, hasa asubuhi ya masika. Bomba likipata moto, hauonekani tena. Subiri injini ishike joto lake, kisha ndipo uangalie.

Kama moshi mweupe unaendelea injini ikiwa ya moto, tofautisha mambo mawili. Injini ya dizeli hutoa moshi mweupe pia kwa sababu ya dizeli isiyoungua. Labda nozeli ni mbovu, au pampu ya dizeli imepangwa vibaya, au injini imechoka na haishindilii hewa vizuri. Moshi huo unawasha macho na unanuka dizeli kabisa. Maji hayapungui. Lakini moshi wa maji ya rejeta ni mzito, unakaa hewani kama ukungu, hauwashi sana macho. Kama rejeta ina kulanti, yaani dawa ile ya rangi, unanuka utamu. Shika kitambaa safi mbali kidogo na mdomo wa bomba. Kikipata matone ya maji wakati injini ni ya moto, na kisinuke dizeli, una dalili kubwa. Fanya haya uwanjani. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, na usisogeze pua kwenye bomba. Moshi wa gari unaua mtu bila yeye kujua.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Hayo tuyaache leo.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote halina gharama. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta. Jaza maji mpaka juu. Mtu mmoja awashe injini, mwingine aangalie mdomo wa rejeta, akisimama pembeni bila kuinamisha uso. Mwanzoni mapovu machache yatatoka. Hiyo ni hewa iliyonaswa, isikutishe. Lakini mapovu yakiendelea bila kukoma, na yakaongezeka injini inapokanyagwa, basi moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Wakati mwingine maji yanarushwa juu ghafula. Zima hapo hapo. Pia, funga mfuniko, washa injini ya baridi, baada ya dakika moja au mbili bana mpira mkubwa wa juu. Maji hayajapata moto bado, basi mpira unapaswa kuwa laini. Ukiwa mgumu kama tairi lililojazwa, ni moshi wa silinda unaousukuma.

Moshi unapitaje? Juu ya injini kuna kichwa cha chuma, mafundi wanakiita hedi. Chini yake ni bloku yenye silinda. Katikati yao kuna gasketi. Gasketi hii inatenga vitu vitatu vilivyo karibu karibu: moto wa silinda, maji na oili. Ikiungua mahali pamoja tu, jirani wanatembeleana. Wakati pistoni inafanya kazi, moshi unasukumwa kwenye maji, na maji yanatupwa nje kupitia kimpira cha pembeni. Injini ikizimwa, maji nayo yanarudi kuingia silinda. Ndiyo sababu gari linaweza kupoteza maji kwa njia mbili na karatasi ya chini ikabaki kavu. Hedi iliyopasuka huonyesha dalili zile zile. Katika dizeli za miaka ya karibuni kuna kifaa kingine, kipoza moshi, kinachopitisha moshi karibu na maji. Kikitoboka ndani, maji yanapotea na moshi mweupe unatoka, wakati gasketi ni nzima. Mwulize fundi wako kama gari lako linacho, kabla hajafungua hedi.

Katika gari la petroli chomoa plagi zote. Plagi moja ikiwa safi kama iliyooshwa, na nyingine zina rangi ya kahawia, silinda hiyo inapata maji. Gereji nzuri ina pampu ya mkono ya kujaza nguvu kwenye rejeta injini ikiwa imezimwa. Mshale wa pampu ukishuka, maji yanatoka mahali. Ipo pia dawa ya buluu inayogeuka manjano ikikutana na moshi wa silinda. Mwombe fundi akuonyeshe kwa macho yako. Fedha ni zako.

Hapa lazima niseme kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana Mlandizi, mtu aliniletea lori dogo la dizeli. Lilikuwa linapoteza maji. Nilibadilisha mpira mmoja wa maji, nikachukua fedha, nikamwambia nenda salama. Sikuangalia mapovu. Asubuhi moja stata ilikataa kuzungusha injini. Tulidhani betri. Tukalisukuma gari, tukaliingiza gia. Kulikuwa na maji juu ya pistoni, na maji hayashindiliki kama hewa. Mkono wa pistoni ulipinda. Mwenye gari aliuza ng'ombe. Mimi sikulipa kitu, kwa sababu sikuwa na kitu, na sikumwambia kwamba tulikosea pamoja. Basi, gari likiwa na dalili hizi, na stata ikigonga mara moja na kukwama, msilisukume. Toeni plagi au nozeli kwanza, maji yatoke.

Barua ya pili kutoka Maneromango ilikuja baada ya wiki mbili.

Wanakikundi hawakumfukuza dereva Jumamosi ile. Waliahirisha. Watu watatu, dereva mmoja wao, walijaza maji, wakachora alama kwenye chupa, wakalala na boksi chini ya gari kwa siku tatu. Boksi lilibaki kavu. Kijiti cha oili kilikuwa cheusi na kizuri. Kisha mama mmoja wa kikundi, ambaye ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kwa dereva, alipanda gari mpaka Dar es Salaam na kurudi. Aliona kwa macho yake lita 3 zikitiwa. Walipofungua mfuniko asubuhi yake, mapovu yalitoka bila kukoma. Mama huyo, anaandika mweka hazina, alisema "Kumbe inapika," akanyamaza.

Gari lilivutwa mpaka gereji moja Kibaha. Hedi ilifunguliwa. Gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya tatu na tundu la maji. Hedi ilikuwa imepinda kidogo. Bloku ilikuwa nzima. Oili ilikuwa safi, beringi nzima. Injini haikuwa imekufa.

Fundi alitaka kuweka gasketi mpya tu. Mweka hazina alikataa, kwa kuwa nilikuwa nimemwandikia hivi: gasketi haiungui bila sababu, na gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itaungua tena baada ya wiki chache. Hedi ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka. Ikaguliwe nyufa. Ikipinda, isawazishwe kwa mashine, si kwa tupa. Bolti zikazwe kwa spana yenye kipimo, kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua kama alivyoagiza mtengenezaji. Aina nyingine za gari zinataka bolti mpya kila mara. Na chanzo cha joto kitafutwe.

Chanzo kilipatikana. Rejeta ilikuwa imeziba karibu nusu. Walikuwa wakitia maji ya kisima chenye chumvi, kama visima vingi vya Pwani. Chumvi na chokaa vimeganda ndani ya mirija, kama vinavyoganda ndani ya birika. Tena humo ndani palikutwa chembe za pilipili manga. Wapo madereva wanaotia pilipili au yai ili kuziba tundu la rejeta. Tundu linaweza kuziba kwa safari moja, ukafika nyumbani. Lakini mirija nayo inaziba. Na thamostati haikuwamo. Mtu aliitoa zamani, kama inavyofanywa mara nyingi, akidhani inazuia maji. Kazi yake ni kushika joto linalofaa. Bila hiyo injini hufanya kazi ikiwa baridi mno, inakula mafuta na kuchakaa. Kama imeganda, weka nyingine.

Sasa wanatia maji ya mvua yaliyochujwa, nusu kwa nusu na kulanti. Niliwaonya juu ya kulanti hiyo. Nyingi zina sumu, na ni tamu. Mbuzi, mbwa na watoto huilamba. Msiiweke katika chupa ya soda, na msiimwage shambani.

Kuna jambo jingine lililotoka kwenye kikao. Dereva aliulizwa ni lini gari lilichemka mara ya kwanza. Alikaa kimya. Kisha akasema. Usiku mmoja, miezi miwili nyuma, alikuwa anapanda kilima kutoka Pugu kwenda Kisarawe na mifuko ya saruji. Mshale wa joto ulifika kwenye nyekundu. Hakusimama. Kulikuwa na giza, saruji ni ya watu, na mawingu ya mvua yalikuwa juu. Baadaye mshale ulishuka wenyewe, akadhani gari limepoa. Kumbe maji yalikuwa yamekwisha. Kipimo cha joto kikikosa maji, kinaweza kusoma hewa na kushuka, huku injini inaungua. Mjini Kisarawe alitia maji ya baridi injini ikiwa ya moto mkali. Hilo nalo hupindua au kupasua hedi. Ilibidi asimame mapema, azime, asubiri nusu saa au zaidi, kisha atie maji kidogo kidogo.

Kwa hiyo dereva alisema kweli kuhusu maji, lakini usiku ule wa Pugu alikuwa ameuficha. Kikundi kimemwacha aendelee kuendesha. Gari limerudi barabarani, na mweka hazina anasema alama kwenye chupa haijashuka kwa safari 6. Ameniuliza kama ni haki dereva akatwe sehemu ya gharama ya hedi, na kama yule aliyetia pilipili naye atafutwe. Nimemjibu kuwa mimi ninajua rejeta. Hayo watayazungumza wenyewe, kikao ni mwisho wa mwezi.

Mwezi ujao: breki zinazovuta gari upande mmoja. Mwenye swali aandike, na aseme gari ni la aina gani na linatumia petroli au dizeli.